Medali za jubilei za ndoa za kifalme: kwa nini bei yake imelala wakati sarafu za sherehe hizohizo zinapaa?

Kasha la Bati
Wakuu habari za wikiendi. Niende moja kwa moja kwenye mada.

Nipo Leicester huku Uingereza na nakusanya medali za kumbukumbu za jubilei za ndoa za kifalme, yaani zile zilizogongwa mfalme na mkewe walipotimiza miaka 25, 50 au 60 ya ndoa. Sio za kutawazwa wala za vita, ni za ndoa tu. Nazipata kwenye masoko ya Jumapili ya mitumba, maduka ya hisani na minada midogomidogo ya onlaini. Nina ya 1888 ya Edward na Alexandra, walikuwa bado hawajawa mfalme na malkia wakati huo, nina kadhaa za 1972 za Elizabeth na Philip, na chache za Ujerumani na Denmark.

Sasa kinachoniumiza ni hiki. Medali ya 1972 ya silva halisi, imegongwa safi, ubavuni ina alama zote za ukaguzi, muuzaji anaitupa kwenye mizani anakupigia bei ya silva kwa gramu, kwisha. Kazi ya mchongaji haihesabiwi hata senti. Halafu geukia sarafu, mwaka 1918 Bavaria, huko Ujerumani, walitoa sarafu ya mark 3 (mark ni pesa ya zamani ya Ujerumani) kwa jubilei ya dhahabu ya ndoa ya mfalme Ludwig III na Marie Therese, leo ikitokea mnadani ni makumi ya maelfu ya euro. Sherehe ni ileile ya ndoa na silva ni ileile. Mimi naona medali zinaonewa, na nataka nijue zinaonewa kwa sababu gani. Karibuni.

Pwani Raha
Nimekaa kiti cha mbele kabisa. Ngoja waje wajuzi.

Mwalimu Mstaafu
Kasha, sarafu ni pesa ya serikali kwa hiyo ina orodha iliyofungwa: mwaka, idadi, herufi ya kiwanda. Mtu anayekusanya sarafu za Ujerumani ya kifalme ana albamu yenye matundu na anataka kila tundu lijae. Hiyo ya Bavaria ziligongwa 130 tu, mia moja na thelathini, basi. Kwa hiyo kuna maelfu ya watu duniani wana albamu imejaa isipokuwa tundu moja, na wote wanalilia kitu kimoja.

Medali haina tundu kwenye albamu ya mtu. Kiwanda chochote kinaweza kugonga, sonara anaweza, halmashauri ya mji inaweza, hata gazeti linaweza kuagiza zake. Nani atakwambia za 1972 ziko aina ngapi? Mtu hashindani kumaliza kitu ambacho mwisho wake haujulikani. Bei inatokana na ushindani, na hapo ushindani haupo.

Chuma na Nikeli
Mwalimu heshima yako, ila umegusa nusu. Tatizo la za 1972 ni wingi. London palikuwa na kampuni ya zamani ya wagonga medali, John Pinches, ikanunuliwa na Franklin Mint ya Marekani mwaka 1969, na kuanzia hapo biashara ikageuka, medali zinatangazwa magazetini unatumiwa kwa posta, boksi la kijani au bluu lenye mahameli ndani, cheti chenye namba na maneno ya toleo maalum. Watu wa kawaida wakanunua kama akiba ya watoto. Sasa walionunua ndio hao wazee wanaoondoka, watoto wanafungua kabati wanakuta maboksi, hawana hamu nayo, wote wanapeleka sokoni kwa wakati mmoja. Hapo hata iwe kazi ya mchongaji hodari kiasi gani bei haisimami.

Jirani254
Sasa Chuma hapo unaniacha njiani. January 1980 silva ilikaribia dola 50 kwa aunsi, ile story ya ndugu wa Hunt wa Texas walionunua silva ya dunia, na watu waliyeyusha kila kitu, vijiko, sinia, sarafu, medali. Kama ziliyeyushwa nyingi hivyo basi zilizobaki ni chache na bei inafaa ikuwe juu. Mbona haiko?

Chuma na Nikeli
Jirani, uchache ambao hakuna anayeujua haupandishi bei. Ya Bavaria kila mtu anajua ni 130. Hizi za Pinches cheti kinakwambia zilitoka ngapi lakini hakikwambii zilibaki ngapi baada ya 1980. Mnunuzi anaona maboksi matatu kwenye meza moja ya mtumba anajua zipo tele.

Mwalimu Mstaafu
Ambayo ndiyo hoja yangu, orodha isiyofungwa.

Chuma na Nikeli
Hapana mwalimu, orodha na wingi ni vitu viwili. Medali ya 1888 orodha yake haijafungwa pia na wingi wake hauko kama wa 1972, na bado ni bei ndogo. Kwa hiyo hata hoja yangu hapo ina kitu kingine kinaisukuma, sijui mnaonaje.

Binti Mvita
Jamani na mimi nichangie. Bibi yangu Mombasa alikuwa na kasha la vishikizo na ndani nilikuta medali ya 1972 hiyohiyo ya ndoa ya malkia. Kubwa, nzito, upande mmoja kichwa cha malkia peke yake, upande wa pili kuna taji juu, herufi E na P zimepambwa na maua yamezunguka, katikati katoto ka kiume kako uchi. Maandishi ELIZABETH AND PHILIP na tarehe 20 November 1947 na 1972. Hiyo ya kwangu kwa mizani ni bei gani? Na jamani hako katoto ni nani?

Kasha la Bati
Binti Mvita hiyo ni sarafu, sio medali. Ndiyo krauni ya 1972, mchongaji ni Arnold Machin, na katoto ni Eros, mungu wa mapenzi wa Wagiriki wa kale. Wengi wanaiita medali kwa sababu hawakuandika thamani yake popote, sio namba sio neno, lakini kisheria ilikuwa pensi 25. Za kawaida za nikeli zilitoka zaidi ya milioni 7. Za silva zilitoka laki moja kwa ajili ya wakusanyaji, zinang'aa uwanja kama kioo na picha imebaki na ukungu mweupe.

Pwani Raha
Aisee milioni 7, Binti Mvita usiache kazi mama.

Binti Mvita
Pwani Raha we cheka tu. Nitajuaje kama ni silva au nikeli? Niipime?

Jirani254
Pima kwa mizani ya jikoni, silva ni nzito.

Mtoto wa Sonara
Salaam. Jirani hapo utampoteza. Krauni ya 1972 ya nikeli na ya silva zote zina uzito mmoja, gramu 28.28, na upana mmoja milimita 38.61. Kwenye mizani huoni tofauti.

Fanya hivi, ndivyo tunavyofanya dukani kwetu vitu vya wateja ambavyo hatutaki kuvikwaruza kwenye jiwe la kupimia madini. Weka kikombe cha maji juu ya mizani ya dijitali inayosoma sehemu ya gramu, bonyeza irudi sifuri. Funga sarafu kwa uzi mwembamba, izamishe yote kwenye maji ikiwa inaning'inia, isiguse chini wala ukuta wa kikombe. Mizani itapanda kidogo. Ikisoma kama 2.7 hiyo ni silva ya 925, yaani sehemu 925 kati ya 1,000 ni silva safi. Ikisoma karibu 3.2 hiyo ni nikeli na shaba. Angalia mapovu yasishike kwenye nakshi, ukiona kipovu zungusha uzi kidogo kitoke.

Na tafadhali baada ya hapo ikaushe kwa kubonyezabonyeza na kitambaa laini, usisugue.

Kasha la Bati
Hii ya Mtoto wa Sonara mods waibandike juu. Asante sana mkuu.

Mjukuu wa Askari
Wakuu mimi nipo Tabora. Babu mzaa baba alikuwa KAR (King's African Rifles, jeshi la wakoloni wa Kiingereza) na aliacha medali moja ya silva, ndogo, ina utepe, upande mmoja kuna mfalme na malkia wamevaa mataji, vichwa vimepandana. Nyumbani siku zote tunaambiwa ni ya ndoa ya mfalme. Kuna mtu amefika bei lakini shangazi hataki. Je na hii ipo kwenye kundi la Kasha?

Mwalimu Mstaafu
Mjukuu, kabla hatujasema chochote, utepe una rangi gani na nyuma kuna nini?

Mjukuu wa Askari
Utepe mwekundu, pembeni kuna mistari ya bluu, nyeupe, bluu. Umechakaa lakini inaonekana. Nyuma kuna herufi zimefungamana kama GRI, taji juu, na tarehe mbili, MAY 6 1910 na MAY 6 1935.

Mwalimu Mstaafu
Hiyo ni medali ya jubilei ya fedha ya mfalme George wa Tano, ya mwaka 1935. Ni miaka 25 ya kukaa kwenye kiti, sio ya ndoa. Tarehe 6 Mei 1910 ndiyo aliyoanza kutawala. Ndoa yake na Mary ilikuwa 6 Julai 1893, kwa hiyo 1935 walikuwa na miaka 41 kwenye ndoa, hailingani na jubilei yoyote. Inachanganya kwa sababu wamemuweka na mkewe. Zilitolewa 85,234 na ziligawiwa himaya nzima, jeshini, polisi, ofisi za serikali. Mwaka 1937 wakatoa nyingine ya kutawazwa kwa George wa Sita, nayo ina vichwa viwili, ila utepe wake ni bluu na pembeni una nyeupe, nyekundu, nyeupe.

Hazikuandikwa majina ya waliopewa. Kwa hiyo kama kuna karatasi ya babu, kitabu cha jeshi, picha amevaa, hata barua, viwekwe pamoja nayo. Bila hivyo ni medali moja kati ya 85,234. Ikiwa na karatasi ni ya babu yako.

Mjukuu wa Askari
Nimekuelewa mwalimu. Picha ipo, amekaa na wenzake, kifuani inaonekana. Shangazi alikuwa sahihi kukataa.

Chuma na Nikeli
Na watu wa onlaini wanachanganya hivyohivyo 1972 na 1977. 1977 ni miaka 25 ya utawala, 1972 ni miaka 25 ya ndoa. Utakuta mtu ameandika tangazo "silver wedding 1977", huyo mpite.

Kiboko Mpole
Samahani kwa kuharibu sherehe. Mnajua walioonyeshwa kwenye hivyo vipande ndio waliotutawala? Babu wa mwenzetu hapo juu alipewa kipande cha silva mwenzake Mzungu akapewa shamba. Leo sisi ndio tunakaa kuhesabu utepe una mistari mingapi. Binafsi sielewi.

Mtoto wa Sonara
Kiboko hoja yako ni nzito na mimi siipuuzi. Ila mimi nikishika medali nashika kazi ya fundi. Mtu alikaa na kipande cha chuma cha pua akachonga uso kinyumenyume, shavu linalotokeza analichimba ndani, na asipochimba sawasawa pua ya malkia inatoka bapa. Fundi huyo hakututawala.

Mjukuu wa Askari
Kiboko, babu alienda, alirudi, alituambia habari zake. Hiyo ndiyo tunayotunza. Wa shamba tunawajua na tunawasema hukuhuku Tabora kila siku.

Kiboko Mpole
Sawa, heshima kwa babu. Kwa hizo nyingine nimebaki palepale.

Stempu Kavu
Ngoja niwaletee Afrika Mashariki. George wa Sita na Elizabeth (mama wa malkia Elizabeth wa 1972) walioana 26 Aprili 1923, jubilei ya fedha ikawa 1948, na makoloni karibu yote yakatoa stempu, kila moja mbili, ya bei ndogo na ya bei ya kutisha. Kenya, Uganda na Tanganyika walitoa senti 20 ya rangi ya chungwa na pauni 1 nyekundu. Zanzibar senti 20 na shilingi 10. Pauni moja ni shilingi 20 za wakati ule, nani alikuwa anabandika hiyo kwenye barua? Senti 20 ninazo nyingi tu, ya pauni nilihangaika nayo.

Sasa rudi kwenye swali la Kasha. Stempu nazo ni za ndoa ileile, na hizo za pauni zina soko mpaka leo kwa sababu watu wanakusanya seti nzima ya himaya. Kwa hiyo namuunga mkono mwalimu, ni habari ya albamu.

Jirani254
Zanzibar pia si walikuwa na yao ya Sultani?

Stempu Kavu
Ya 1936 ya Sultani Khalifa bin Harub, ndiyo, ila hiyo tena ni ya miaka 25 ya kutawala, alianza 1911. Tusirudi kwenye mchanganyiko wa mwanzo.

Dada wa Stuttgart
Hamjambo. Nipo Ujerumani miaka mingi na huku ndiko nyumbani kwa hizi jubilei za ndoa, walikuwa na wafalme na watawala kila kona na kila mmoja akitimiza miaka anagonga. Baden 1906 jubilei ya dhahabu ya Friedrich na Luise, mark 2 na mark 5. Anhalt 1914 jubilei ya fedha, mark 3 na mark 5. Hapa kwetu Württemberg mwaka 1911 mfalme Wilhelm wa Pili na Charlotte, miaka 25, mark 3.

Hiyo ya Württemberg sikilizeni. Ipo ya kawaida, karibu laki tano. Halafu ipo ambayo kwenye jina CHARLOTTE herufi H mstari wake wa katikati umekaa juu kuliko kawaida. Hizo ni 7,000. Ukiwa na lenzi unaona kabisa, H ya kawaida mstari uko katikati, hii umepanda kuelekea kichwani. Tofauti ya bei ni mara nyingi sana. Mstari mmoja wa herufi moja, na uso wa mfalme na malkia ni uleule.

Sasa nambieni kama hiyo ni thamani ya sanaa au ya historia. Mimi naona watu wananunua tofauti, hawanunui kitu. Medali zikipata mtu wa kuzihesabu makosa yake ya herufi zitapanda kesho.

Mwalimu Mstaafu
Dada wa Stuttgart umenisaidia kuliko nilivyojisaidia.

Dada wa Stuttgart
Mwalimu subiri sijamaliza, hii haitakusaidia. Prussia, mfalme Wilhelm wa Kwanza na Augusta walitimiza miaka 50 ya ndoa 11 Juni 1879. Kuanzia hapo ikawepo medali ya jubilei ya ndoa wanayopewa watu wa kawaida, fundi viatu na mkewe, mkulima na mkewe, wakifikisha miaka 50. Upande mmoja Wilhelm na Augusta, upande wa pili maneno ya Warumi 12:12, furahini katika tumaini, vumilieni katika dhiki, dumuni katika kusali. Ninayo moja, kwenye boksi lake, na nyuma ya boksi mtu ameandika kwa penseli majina mawili ya ukoo na mwaka. Penseli imefifia lakini ukiinamisha kwenye taa inasomeka.

Hii ilitoka kwa orodha, ilitolewa kwa walioomba na kuthibitishwa, haikutapakaa magazetini kama za Chuma. Kwa hiyo hoja ya wingi haipo, hoja ya fujo ya watengenezaji haipo. Na bado nimeinunua kwa bei ndogo. Elezeni hiyo.

Chuma na Nikeli
Hapo labda ni ukubwa wa soko tu. Waingereza wananunua za Waingereza, Wajerumani za Wajerumani, na falme za Ujerumani zilianguka zote Novemba 1918, hakuna mjukuu wa mfalme anayehuisha mapenzi ya watu kwenye televisheni.

Dada wa Stuttgart
Ludwig wa Bavaria alianguka mwaka huohuo wa jubilei yake na sarafu yake ndiyo ghali kuliko zote hizi za ndoa tulizotaja. Kuanguka hakujaiumiza. Na kwa faida ya wote, hiyo sarafu nakala zake zimejaa mtandaoni, ukiiona inauzwa kwa bei ya chakula cha mchana ujue ni nakala.

Jirani254
Btw mnaona hii tarehe? Stempu Kavu amesema George wa Sita alioa 26 April 1923. Nimecheki, Christian wa Kumi wa Denmark na Alexandrine walioana 26 April 1898, so siku hiyohiyo London wanafunga ndoa Copenhagen wanafanya jubilei ya fedha. Na Denmark walitoa krona 2 ya ukumbusho hiyo 1923.

Pwani Raha
Na 26 Aprili ni Muungano wetu. Hiyo tarehe ina ndoa.

Binti Mvita
Pwani Raha leo umeamka vizuri haha.

Nimepima. Imesoma 3.2. Nikeli. Ila bado naipenda na ni ya bibi. Sasa nina swali lingine kwa Kasha, hizi zenye vichwa viwili vimepandana, kwa nini mume yuko mbele mke anachungulia nyuma? Nimeangalia picha zenu zote ni hivyo.

Kasha la Bati
Sio zote. Paundi 5 ya 1997 ya jubilei ya dhahabu, Elizabeth yuko mbele Philip nyuma. Anayetawala ndiye anakaa mbele, ndivyo ninavyojua. Ya 1981 ya harusi ya Charles na Diana, Charles mbele.

Mwalimu Mstaafu
Kanuni hiyo ina tundu. William wa Tatu na Mary wa Pili walitawala Uingereza pamoja kuanzia 1689, wote wawili wana taji, na kiti kilikuwa cha baba yake Mary. Kwenye sarafu zao William yuko mbele. Ni desturi ya kale zaidi, Ptolemy wa Pili na Arsinoe wa Aleksandria, Misri, karne ya 3 kabla ya Kristo, wako kwenye dhahabu hivyohivyo vichwa vimepandana, na Ulaya waliiga kutoka kwa watu wa kale.

Mtoto wa Sonara
Mimi naona ni kazi ya mikono kwanza. Ukiwaweka wanatazamana kwenye duara dogo, kila kichwa kinapungua na katikati panabaki shimo tupu. Ukiwapandanisha unapata uso mkubwa. Halafu wa mbele lazima awe na nakshi ya juu na wa nyuma apungue, ndiyo maana wa nyuma huwa hana maelezo mengi. Nani awe mbele ni amri ya aliyelipa.

Binti Mvita
Aliyelipa huwa mwanamume basi, tumerudi palepale.

Jirani254
Mkuu Kasha nina kaswali pia. Niliona moja iko na alama nne ubavuni na moja ni taji. Hiyo ni ya jumba la kifalme, official?

Mtoto wa Sonara
Taji hapo halimaanishi ikulu. Ni alama ya ofisi ya ukaguzi wa silva ya Sheffield, walitumia taji mpaka 1974 kisha wakahamia waridi. Birmingham wana nanga, London kichwa cha chui. Simba anayetembea ndiye anayesema silva ni 925. Alama ya nne ni herufi ya mwaka, kwa London mwaka 1972 ni r ndogo. Herufi za mtengenezaji zinakuwa pembeni. Ukikuta medali ya 1972 yenye nanga na simba ujue imekaguliwa Birmingham, ni halali kabisa.

Za Ufaransa hutaona simba. Kiwanda cha Paris wanagonga pembe ya neema ubavuni na neno la madini, ARGENT au BRONZE.

Stempu Kavu
Na kutunza? Huku pwani joto na chumvi vinaniulia vitu.

Kasha la Bati
Kapsuli ngumu ya plastiki safi, sio mifuko laini ile inayonuka, hiyo inatoa mafuta ya kijani. Usifunge na mpira wa ofisi, usizungushie gazeti, vyote vinaleta weusi. Weka vipakiti vya kunyonya unyevu kama vya kwenye boksi la viatu. Na usipolishi jamani. Weusi wa silva uliokaa taratibu wenyewe una rangi, bluu na dhahabu pembeni, wakusanyaji wanaupenda. Ukipiga majivu au dawa ya meno nywele za malkia zinakwisha na hazirudi.

Mjukuu wa Askari
Ya babu shangazi huwa anaipiga majivu kila Krismasi.

Kasha la Bati
Mwambie shangazi kwa upole mkuu. Hapo ilipo pameshapotea kidogo, pasipotee tena.

Kuhusu mada, bado sijaridhika na hoja moja yoyote. Ya mwalimu inavunjwa na medali ya Prussia ya Dada wa Stuttgart, ya Chuma inavunjwa na yangu ya 1888. Yangu ya 1888 ni ya bati jeupe, ina tundu juu, na tundu limetobolewa baadaye kwa msumari, chuma kimesukumwa kikatoka upande wa nyuma na kukata herufi moja. Mtu aliitundika shingoni kwa mtoto. Kwa bei ya soko tundu hilo linaiua. Mimi nililipia tundu.

Chuma na Nikeli
Hapo ndipo tunapotofautiana Kasha, wewe unanunua historia ya mtu, soko linanunua hali ya kitu. Vyote viwili ni kweli na havitakutana kwenye bei.

Ila kuna jaribio linakuja. Ya 2017, miaka 70, ya Elizabeth na Philip ndiyo pekee ya aina yake kwa mfalme wa Uingereza, na Philip alifariki 9 Aprili 2021. Charles na Camilla walioana 9 Aprili 2005, kwa hiyo jubilei yao ya fedha ni 2030. Wakigonga medali chache na orodha iliyofungwa tutajua kama mwalimu yuko sahihi. Wakigonga kama za 1972 nitakuwa sahihi mimi.

Mwalimu Mstaafu
Nakubali jaribio, ila tukubaliane mapema. Utahesabu medali za viwanda binafsi au ya kiwanda cha serikali peke yake? Maana ukichanganya tutakuwa tumerudi kwenye orodha isiyofungwa na utadai umeshinda.

Chuma na Nikeli
Zote mwalimu. Mnunuzi sokoni hachagui kiwanda.

Dada wa Stuttgart
Na mimi nahesabu makosa ya herufi. Atakayeona H imekaa vibaya aniambie kabla hajasema humu.